Kanisa la Boston husomwa kuanzia chini

Wageni wengi wakifika Boston, mji wa soko huko Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, huinua shingo. Si kosa lao. Mnara wa kanisa la Mtakatifu Botolph una zaidi ya mita 80, na nchi yenyewe ni tambarare kama sinia, kwa hiyo unauona mnara muda mrefu kabla hujauona mji. Wenyeji wanauita Stump, yaani kisiki, jina la utani ambalo sijapata kuelewa mantiki yake. Mimi nilikwenda Jumatano, siku ya soko. Nikapita katikati ya wauza mboga na wauza samaki nimeinamisha kichwa, maana kazi yangu ni kukarabati nyumba za kale za Mji Mkongwe, Unguja, na jengo la mawe mimi hulianza miguuni.

Karibu na mlango wa mnara, upande wa magharibi, ukuta umechongwa mistari yenye miaka: 1810, 1953, 1978. Ni alama za kina cha mafuriko. Mto Witham unapita hatua chache tu kutoka hapo, na bahari ikichafuka wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, maji huurudi mto kwa nguvu. Usiku wa tarehe 5 Desemba 2013 yalipanda kuliko miaka yote hiyo, yakaingia ndani ya kanisa.

Maji ya bahari yakishaondoka, watu hudhani balaa limekwisha. Ndipo linapoanza. Jiwe la chokaa lina vitundu, na huyanywa yale maji pamoja na chumvi yake. Likianza kukauka, maji hutoka kama mvuke, chumvi hubaki. Ile chumvi huganda chembe chembe karibu na uso wa jiwe, huvimba, na kidogo kidogo huusukuma uso ule mpaka unameguka. Ukiona unga mweupe chini ya nguzo, usiupanguse ukadhani ni vumbi. Ni jiwe lenyewe linakwenda.

Dawa yake ni kuuacha ukuta upumue. Katikati ya mawe pakiwa na chokaa na mchanga, unyevu hutokea pale kwenye kiungo, na kinacholika ni chokaa, kitu cha bei ndogo unachoweza kukitia upya. Ukiweka saruji, umeziba mlango: unyevu utatafuta njia ndani ya jiwe, na jiwe ndilo litakaloliwa. Makanisa mengi ya Uingereza yalijazwa saruji viungoni katika karne ya 20 kwa nia njema kabisa, na mafundi wa leo wanaikwangua. Siwacheki. Nyumba ya kwanza niliyopewa kule Shangani niliipiga plasta ya saruji juu ya mawe ya matumbawe, ikapendeza mno. Masika mawili baadaye ilikuwa inabambuka vipande vikubwa kama chapati.

Ndani, fanyeni haraka kwenye vioo vya rangi, vingi ni vya karne ya 19, mwende kwaya, yaani ile sehemu ya kanisa wanapokaa makasisi na waimbaji. Pale kuna viti 62 vya mbao vya mwaka 1390 hivi. Ukikikunja kiti, chini yake kuna kibao kidogo cha kuegemea, ili kasisi aliyesimama saa nzima apumzike huku akionekana amesimama. Chini ya vibao hivyo seremala amejichongea atakavyo: dubu anapiga kinanda, mwalimu anamcharaza mwanafunzi. Nilipiga magoti na tochi nikavitazama kimoja kimoja. Mzee mmoja wa kujitolea alinisogelea, nikadhani nafukuzwa, kumbe ananiletea mto wa kupigia magoti.

Ukubwa wote huu ulitoka wapi, katika nchi ya tope isiyo na jiwe la kujengea? Ulitoka kwenye manyoya ya kondoo. Mwanzoni mwa karne ya 13 bandari ya Boston ililipa kodi ya wafanyabiashara ya pili kwa ukubwa baada ya London. Sufu ilitoka, jiwe likaja kwa maji. Ujenzi ulianza 1309, mnara ukakamilika mwanzoni mwa karne ya 16, wakati biashara yenyewe ilikwisha kudorora. Sakafuni kuna jiwe jeusi la kaburi la mfanyabiashara Mjerumani, Wissel Smalenburg wa Münster, aliyefariki 1340. Mgeni kama mimi, ila yeye hakurudi kwao.

Kilichonipeleka mkoa huu hasa ni Edward Steere. Kabla hajawa askofu wa Zanzibar alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji kilicho kilomita ishirini na kitu kutoka Boston. Ndiye aliyeandika kitabu cha mafunzo ya Kiswahili cha 1870, na ndiye aliyesimamia kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 pale palipokuwa soko la watumwa. Dari lake ni tao la zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa. Watu walisema litaanguka, na mpaka leo lipo. Mimi mtu wa chokaa inabidi nimeze mate tu.

Mnarani kuna ngazi 365, wanasema ni hesabu ya siku za mwaka, na mgeni hupandishwa sehemu tu. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, wakafunga. Nikarudi chini kwenye ile mistari, nikaipiga picha, nikamtumia fundi wangu mzee wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, aliyenifundisha kuchoma chokaa. Akanijibu kwa sauti:

"Mwanangu, ukuta huo umekunywa sana. Uliugusa?"

"Niliugusa, mzee."

"Baridi?"

"Baridi, lakini mkavu."

"Haya. Niletee picha ya viungo, siyo ya mnara."