Mastaringi si kupandisha sauti tu

"Kandamiza mpaka spika zilie!" Ndivyo vijana wa panki hapa Ngamiani, Tanga, wanavyoniagiza wakileta wimbo kwa mastaringi, hatua ya mwisho kabla haujatoka. Wanakosea. Kwa mipangilio yake ya kawaida, Spotify huushusha wimbo wenye kelele hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika). Ubabe wote unapotea, inabaki ngoma iliyopondwa.

Juzi nilifungua faili la sekunde 70: mawimbi yamekatwa juu na chini, mfano wa tofali. Snea, ile ngoma yenye mlio mkali, haichapi, inapapasa. Nikalegeza limita, kizuizi kinachobana vilele vya sauti, desibeli 4, ikarudi kuuma. Ukali wa hadikoo, panki ya kasi na fujo, hutoka kwenye mikono ya mpiga ngoma, kisha miksi, yaani kuchanganya sauti za ala. Na gitaa lisilotuniwa (yapo, jamani!) mastaringi hailitibu, mkarekodi upya.