Raba ya gia kwenye Hilux ya zamani: usiishie kwenye kava

Hilux LN106, zile zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1997, bado zinapiga kazi Longido, Simanjiro na Loliondo kila siku. Zikija gereji, malalamiko hufanana: vumbi linajaa ndani hata vioo vikiwa juu, sakafu karibu na mguu wa dereva inachemka, na gia inacheza mkononi. Wenye magari wengi huwa wameshanunua kava jipya la ngozi la kuvisha gia, limeshonwa vizuri na linapendeza, lakini vumbi liko palepale. Kava lile ni pambo. Kazi ya kuzuia vumbi, maji na moshi inafanywa na raba zilizo chini yake, na raba hizo ni mbili.

Ya kwanza ni raba kubwa yenye mikunjo, inayoziba tundu la sakafu pale liva ya gia, yaani fimbo unayoishika kubadilisha gia, inapopita. Inabanwa na pete ya bati kwa skrubu au bolti ndogo. Ya pili ni ndogo, imekaa chini kabisa kwenye shingo ya giaboksi, na hutaiona mpaka uitoe ile ya kwanza. Hii ndogo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Ya juu ikichanika utakula vumbi, utajua, utakuja gereji. Ya chini ikichanika hutasikia kitu, huku mchanga unajikusanya pale liva inapoingia kwenye giaboksi. Ukivuka korongo lililojaa, maji yanapata njia ya kuingia kwenye mafuta ya gia. Mafuta yaliyoingiliwa na maji hugeuka rangi kama chai ya maziwa, na ukiyaona hivyo, yamwage yote kabla gari halijaenda popote.

Raba hizi huisha kwa sababu zinazoeleweka. Joto la giaboksi na la bomba la moshi huzikausha kwa chini, jua linalopita kwenye kioo huzikausha kwa juu, na kila ukibadilisha gia mikunjo inapindwa palepale. Ndiyo maana mpasuko huanzia ndani ya mkunjo, mahali ambapo ukiangalia kwa haraka huoni kitu. Ivute kwa vidole, ifungue mikunjo mmoja mmoja. Njia nyingine ninayoipenda: giza likiingia, weka tochi chini ya gari ikimulika juu kuelekea giaboksi, kisha kaa ndani, inua kapeti na utazame. Panapopenya mwanga, na vumbi linapenya.

Kabla ya kufungua chochote, egesha gari pa tambarare, vuta breki ya mkono na uweke kigingi kwenye matairi, maana gia utaiweka huru. Acha giaboksi ipoe. Kichwa cha liva hufunguka kwa kuzungusha kinyume na saa. Kikigoma, kizungushie kitambaa ndipo ushike kwa koleo, usiumize nyuzi za skrubu. Kama utanunua kichwa kipya, nenda dukani na cha zamani, kwa sababu nyuzi za Toyota hizi hazifanani zote: kuna za milimita 8 na kuna za milimita 12. Toa kava, na konsoli kama ipo, kisha kunja kapeti.

Hapa mafundi wengi wana haraka, na hapa ndipo naomba usiwe na haraka. Safisha kwanza. Kuzunguka ile pete ya bati huwa kuna tabaka la vumbi jekundu lililoshikana na mafuta. Ukifungua hivyo hivyo, lote linadondoka mahali ambapo baadaye utakuwa na tundu wazi la giaboksi. Piga brashi, futa kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, ukiwa na upepo wa kompresa pulizia kuelekea nje. Ndipo ufungue pete. Skrubu za nyota zilizokula kutu zipulizie mafuta ya kulegeza kutu na uzisubiri, maana ukiharibu vichwa vyake, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Raba ya juu ikishatoka, pandisha ile ndogo juu ya liva. Utaona kofia ya chuma inayoishika liva. Ikandamize chini kwa nguvu, izungushe kinyume na saa, na liva yote inanyanyuka. Papo hapo ziba tundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Sasa chukua liva uiangalie ncha yake ya chini. Kuna bushi, yaani pete ndogo ya plastiki iliyovishwa hapo, ya rangi nyeupe ikiwa mpya. Kwenye gari ambalo raba ya chini ilichanika siku nyingi, utaikuta imekuwa kahawia, ukingo wake umelika upande mmoja, na grisi iliyoizunguka imechanganyika na mchanga. Isugue grisi hiyo kati ya vidole na utasikia inakwaruza. Uchakavu wa bushi hiyo ndio mara nyingi unaoifanya gia icheze, na mwenye gari ameshaambiwa afungue giaboksi nzima. Badilisha bushi pamoja na kiti chake, paka grisi mpya, na kwa gharama ndogo gia inarudi kuwa na mahali pake.

Kuhusu raba yenyewe, tafuta ya gari lako. Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi utazipata mpya na za mtumba, ila ya mtumba ina umri ule ule wa ile unayoitoa, kwa hiyo mimi siishauri. Wapo wanaokata tyubu ya tairi na kuifunga kwa waya. Kukufikisha nyumbani itakufikisha, lakini tyubu haina mikunjo, hivyo inaivuta liva irudi katikati. Raba ngumu au fupi inaweza kuifanya gia iruke ukiwa barabarani, na lawama ikaenda kwa giaboksi isiyo na kosa. Na tafadhali usikubali fundi aichane raba mpya ubavuni ili aivishe bila kutoa liva, halafu aigundishe. Gundi hiyo haidumu kwenye joto lile.

Wakati wa kuvisha, loweka raba kwenye maji ya moto kiasi ili ilainike, na tumia maji ya sabuni iteleze kwenye liva. Usipake oili wala grisi ya kawaida, kwani raba nyingi huvimba na kulegea zikikutana na mafuta ya aina hiyo. Rudisha liva, kandamiza kofia na kuizungusha kufuata saa mpaka ijifunge. Shusha raba ndogo na uhakikishe mdomo wake umekaa kwenye mfereji wake pande zote. Pitisha kidole mzunguko mzima. Kisha funga ya juu, ukipaka silikoni kidogo chini ya pete kama bati la sakafu limepinda.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi na upitishe gia zote, pamoja na rivasi. Kila gia ikishaingia, achia mkono: liva isirudi hata kidogo. LN106 ni 4x4, na liva yake ya pili nayo ina raba yake, kwa hiyo ikague siku hiyo hiyo.

Moshi nao usiupuuze. Kama ulikuwa unausikia ndani, raba mpya itauzuia kwenye tundu hilo, lakini bomba linalovuja bado linavuja. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na injini za petroli huitoa kwa wingi kuliko za dizeli. Ziba bomba hilo kwanza.

Ukishapita barabara mbovu kwa siku kadhaa, rudi uzikaze tena zile skrubu za pete, maana silikoni na raba mpya vikishajikaza, skrubu hubaki na ulegevu.