Kibali cha mradi mkubwa wa nishati: tunayoyaamini na yanayotendeka

Bwawa la umeme, bomba la mafuta, njia ya umeme wa msongo mkubwa: miradi ya aina hii ikitajwa, mazungumzo huishia upesi kwenye kauli kwamba serikali ikishaamua, imeamua. Kauli hiyo inaniudhi, kwa sababu wanaoiamini hawafungui ripoti, hawaandiki maoni, na siku ya mwisho inapita wakiwa kimya. Sheria za nchi nyingi zimempa mwananchi nafasi kadhaa za kuuliza na kupinga. Kila nafasi ina muda wake.

Dhana: kibali ni sahihi moja ya waziri.

Mradi mkubwa hubeba rundo la ruhusa. Kuna leseni ya mazingira, leseni ya kuzalisha umeme kutoka kwa mdhibiti wa nishati, haki ya kutumia ardhi, kibali cha maji, ruhusa ya ujenzi, na kwa minara mirefu, idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Kila moja ina mtoaji wake na njia yake ya rufaa, na moja ikiwa na kasoro, zilizobaki haziizibi.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya unaonyesha hilo vizuri. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imeshasimikwa mwaka 2017. Lakini njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa kazi ya peke yake na haikukamilika hadi 2018, kwa hiyo mitambo ilikaa bila pa kupeleka umeme. Kisha Oktoba 2021, umeme ukiwa umeshaingia kwenye gridi, mahakama iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa kufuata utaratibu. Leseni za umeme zilikuwepo zote. Tatizo lilikuwa kwenye ardhi.

Dhana: ripoti ya athari kwa mazingira huandikwa na serikali, basi haina upande.

Kwa kawaida ni mwenye mradi anayewaajiri wataalamu na kuwalipa. Kazi ya serikali ni kuikagua. Sisemi kwamba wataalamu hao hudanganya. Wengi ni watu makini. Ila ripoti hujibu maswali yaliyoulizwa, na swali ambalo hakuna aliyeliuliza halina sura ndani yake. Mfugaji anayejua mifugo hupita wapi wakati wa kiangazi, au mvuvi anayejua samaki huzalia wapi, ana habari ambayo mtaalamu aliyekaa wiki chache huenda hakuipata.

Ukipata ripoti ya namna hiyo, usianze na muhtasari. Nenda kwenye sura ya njia mbadala, ambako mwenye mradi anapaswa kueleza kwa nini ni hapa na si pengine, kwa nini teknolojia hii na si nyingine. Ikiwa ni kurasa mbili kati ya mia tano, umeshapata hoja ya kwanza. Kisha tazama ramani ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi ambamo njia ya umeme au bomba hupita, uhesabu mwenyewe nyumba zilizomo, ulinganishe na idadi iliyoandikwa kwenye sura ya fidia.

Dhana: mkutano wa hadhara ni kura, wakipinga wengi, mradi umekufa.

Na kinyume chake pia huaminiwa: kwamba mkutano ni wa kupiga picha tu na hauna uzito. Yote mawili si kweli. Mamlaka haihesabu mikono iliyoinuliwa. Inapima hoja, na inatakiwa ionyeshe kwamba imezizingatia.

Hapa kesi ya Lamu ina mengi ya kufundisha. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni kwa mtambo wa makaa ya mawe wa takriban megawati 1,000. Wakazi walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni hiyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikubishaniwa. Kasoro ilikuwa kwamba ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu waliitwa kujulishwa kuhusu mradi, lakini matokeo ya utafiti yalipotoka hawakupewa nafasi ya kutosha kuyajadili. Maoni yanayotolewa kabla habari hazijafika si ushirikishwaji. Kwa hiyo unapohudhuria mkutano, uliza ripoti iko wapi na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu. Maandishi huenda mbali kuliko makofi.

Dhana: ukienda mahakamani, jaji ataamua kama mradi ni mzuri au mbaya.

Inategemea chombo. Baadhi ya mabaraza ya rufaa huingia kwenye kiini cha uamuzi, lakini mahakama za kawaida huangalia zaidi kama uamuzi ulifikiwa kisheria. Nchini Uingereza, kibali cha shamba la upepo wa baharini la Norfolk Vanguard, megawati 1,800, kilitolewa Julai 2020 na kufutwa na mahakama Februari 2021. Waziri hakuwa amezingatia ipasavyo madhara ya pamoja ya mradi huo na wa jirani yake, ambayo vituo vyake vya umeme vingejengwa karibu na kijiji kimoja. Februari 2022, baada ya kupitiwa upya, kibali kikatolewa tena. Na saa haisimami: miradi mikubwa ya aina hiyo huko hupingwa mahakamani ndani ya wiki sita, rufaa ya leseni ya mazingira Kenya ina siku 60.

Wapo wanaodhani kwamba nishati safi husamehewa tathmini. Haisamehewi, miwili kati ya mitatu niliyoitaja ni ya upepo.

Wala kibali hakimlazimishi mtu kujenga. Ukuta wa kuzalisha umeme kwa maji ya kupwa na kujaa huko Swansea, Wales, ulipata kibali Juni 2015. Miaka mitatu baadaye serikali ikakataa kuusaidia kifedha, na haukujengwa.

Dhana: kibali kikishatoka, kazi ya mwananchi imekwisha.

Kibali huja na masharti, mara nyingi kurasa nyingi: saa za kulipua miamba, kiwango cha kelele usiku, maji yanayopaswa kuachwa mtoni, miti ya kupandwa upya, anayebomoa mtambo ukizeeka na kwa fedha za nani. Wakaguzi ni wachache na hawafiki kila siku. Nakala ya masharti hayo iombwe mapema, ikae kwa watu wanaoishi karibu na eneo la kazi, na lori likipita saa zilizokatazwa, tarehe na saa ziandikwe siku hiyohiyo pamoja na namba ya sharti lililovunjwa.