Höyük: kilima kilichoinuliwa na makazi ya watu

Höyük ni jina ambalo Waturuki hukipa kilima ambacho hakikutokana na mwamba, mto wala volkano, bali na watu walioishi mahali pamoja kwa karne nyingi, kila kizazi kikijenga juu ya mabaki ya nyumba za waliokitangulia. Vilima hivi vimetapakaa katika nyanda za Anatolia, sehemu ya Uturuki iliyo barani Asia, na vingi vimezungukwa na mashamba yanayolimwa hadi leo. Baadhi ya vijiji vimechukua majina yao humo moja kwa moja, kama vile Alacahöyük katika mkoa wa Çorum na Yassıhöyük karibu na Polatlı.

Chanzo cha kilima ni tofali la udongo lililokaushwa juani. Nyumba ya mawe ikibomoka, mawe yake huokotwa yakajenge nyingine, lakini tofali bichi likishavunjika hakuna anayehangaika nalo. Husawazishwa palepale, na nyumba mpya husimama juu yake. Ukijumlisha majivu ya meko, mifupa ya wanyama na taka za kila siku, ardhi ya makazi hupanda polepole bila mtu yeyote kukusudia kujenga kilima.

Mfano maarufu kuliko yote ni Çatalhöyük, kilima kilicho kaskazini mwa Çumra, mji wa wakulima katika mkoa wa Konya. Mwanaakiolojia James Mellaart alikitambua pamoja na wenzake mwaka 1958 na kukichimba kati ya 1961 na 1965. Ian Hodder alianzisha upya kazi hiyo mwaka 1993, na mwaka 2012 UNESCO ikakiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kilima cha mashariki, ambacho ndicho kikubwa, kina eneo la hekta zipatazo 13 na kimo cha takriban mita 20, na ndani yake zimehesabiwa tabaka 18 za makazi, kuanzia takriban mwaka 7100 hadi karibu na mwaka 5950 KK.

Wakazi wake hawakusubiri nyumba iwaangukie. Ilipochakaa waliisafisha, wakaondoa mbao za paa, wakabomoa sehemu ya juu ya kuta, wakajaza kifusi ndani, kisha wakajenga nyingine juu yake, mara nyingi kwa mpangilio uleule wa vyumba, meko na majukwaa ya kulalia. Nyumba zilibanana bila vichochoro kati yake, hivyo watu walipita juu ya mapaa na kuingia ndani kwa ngazi. Wafu wao waliwazika chini ya sakafu, ndani ya nyumba walimoishi wao wenyewe. Kwa maoni yangu, desturi hiyo inaeleza ung'ang'anizi wao wa kubaki palepale vizuri kuliko hoja ya rutuba ya udongo peke yake, kwa kuwa tambarare nzima ilikuwa wazi kwao, lakini kuhamia pembeni kungekuwa kuyaacha makaburi ya wazee.

Höyük isichanganywe na kilima cha kaburi, ambacho kwa mbali hufanana nacho. Pale Yassıhöyük, penye magofu ya Gordion, mji mkuu wa Wafrigia, watu wa kale wa Anatolia, vyote viwili vinaonekana katika eneo moja: höyük ya mji wenyewe, iliyokua tabaka kwa tabaka, na kilima cha kaburi chenye kimo cha takriban mita 53, kilichorundikwa kwa makusudi juu ya chumba cha mbao alimozikwa mtu mmoja katika karne ya 8 KK.

Ujirani wa Çatalhöyük huwafanya wengi waseme kwamba Çumra ni mji wenye mizizi ya miaka 9,000. Kauli hiyo inahitaji tahadhari. Mji wa leo ulikua kutokana na reli iliyoanza kupita hapo kutoka Konya mwaka 1904, na mradi wa umwagiliaji wa dola ya Othmani, uliokamilika muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao ulileta maji kutoka Ziwa Beyşehir. Hakuna mnyororo wa makazi usiokatika unaowaunganisha wakazi wa sasa na wale wa kilimani. Kinachoendelea ni udongo ulioletwa na Mto Çarşamba, ambao zamani watu waliutegemea kwa ngano, shayiri, dengu na njegere, na ambao sasa hulimwa pia mahindi na viazi vya sukari, vinavyosindikwa katika kiwanda cha hapohapo Çumra.

Kilimo hichohicho ndicho tishio kubwa kwa vilima visivyolindwa. Jembe la trekta hukwangua tabaka za juu, wengine huchota udongo wake kwa matumizi ya shambani, na pampu za umwagiliaji zinaposhusha kina cha maji ya ardhini, mbao na mbegu zilizohifadhiwa na unyevu katika tabaka za chini hukauka na kuoza kabla hazijafikiwa na mchimbaji.