Kazi ya Vijiumbe Katika Mabwawa ya Majitaka

Zaidi ya asilimia 99 ya majitaka yanayotoka majumbani ni maji. Kinachobaki ni kinyesi, mafuta ya kupikia, sabuni, mabaki ya chakula na vimelea vya magonjwa. Sehemu kubwa ya uchafu huo imeyeyuka, na chujio halikamati kilichoyeyuka. Wanaoweza kuuondoa, tena kwa gharama ambayo miji yetu inaimudu, ni vijiumbe visivyoonekana kwa macho, hasa bakteria, ambao kwao uchafu huo ni chakula.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaopita karibu na mabwawa ya Vingunguti, au wa Nairobi wanaoyafahamu mabwawa makubwa ya Ruai, huenda wanayaona kuwa ni madimbwi ya kuhifadhia uchafu tu. Ukweli ni kwamba kila bwawa huchimbwa kwa kina maalumu ili lifae kundi fulani la vijiumbe, na majitaka hupitishwa kutoka bwawa moja hadi jingine kwa mpangilio.

Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5. Majitaka huingia humo yakiwa na uchafu mwingi kiasi kwamba oksijeni yote huisha, wakabaki bakteria wasiohitaji hewa. Tope huzama, na kazi hufanyika kwa kupokezana: kundi moja huvunjavunja wanga, protini na mafuta, jingine hugeuza vipande hivyo kuwa asidi, na la mwisho, la vijiumbe viitwavyo arkea, hutoa methani, gesi ileile inayowaka katika majiko ya bayogesi. Arkea hao hukua polepole na hudhurika upesi. Asidi ikizidi, husimama kufanya kazi, na hapo ndipo mitaa ya jirani huanza kulalamikia harufu.

Katika hatua hii joto la nchi zetu ni mtaji ambao hatuuthamini vya kutosha. Maji yakiwa na nyuzijoto 25, bwawa la kwanza lililosanifiwa vizuri huweza kuondoa takriban asilimia 70 ya uchafu unaooza, ilhali kwenye nyuzijoto 10 huondoa kama asilimia 40 tu. Nchi za baridi zililazimika kutafuta njia nyingine. Mwaka 1914, huko Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett walionyesha kwamba majitaka yakipulizwa hewa, na tope lake likirudishwa humo tena na tena, bakteria huongezeka na kuyasafisha kwa saa chache. Njia hiyo imeenea duniani kote, lakini mashine zake hula umeme usiku na mchana.

Katika bwawa letu la pili, lenye kina cha kati ya mita 1 na 2, hewa hiyo hutolewa na mwani bila malipo. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni, bakteria huitumia kula uchafu uliobaki, kisha hutoa kaboni dioksidi ambayo mwani nao huihitaji. Ndiyo maana bwawa lenye afya huwa la kijani. Likigeuka rangi ya waridi au zambarau, fundi mzoefu hujua kwamba limeelemewa, kwa sababu bakteria wa salfa wenye rangi hiyo hustawi mahali ambapo oksijeni imepungua.

Mabwawa ya mwisho yana kazi ya kuua vimelea. Mchana mwani hufyonza kaboni dioksidi nyingi hadi maji yanakuwa na ualikali mkali, pH (kipimo cha asidi na ualikali, ambapo 7 ni katikati) ikipita 9, na hali hiyo pamoja na mwanga wa jua huwaua bakteria wa kinyesi. Mayai ya minyoo huwa yameshazama katika mabwawa ya awali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliruhusu maji kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi iwapo yana yai lisilozidi 1 la minyoo kwa lita na bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 kwa mililita 100. Mjini Moshi, maji yanayotoka katika mabwawa ya Mabogini hutumika katika mashamba ya mpunga, jambo linaloonyesha kwa nini kila hatua iliyotangulia lazima ikamilike.

Wengi wetu, hata hivyo, hatujaunganishwa na mabomba ya majitaka. Tunatumia mashimo na makaro, na humo pia vijiumbe wapo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kinyesi chenyewe kimejaa bakteria. Kwa sababu hiyo sishauri kununua unga unaouzwa kwa madai kwamba vijiumbe vyake huzuia shimo lisijae. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, walipima bidhaa za namna hiyo na hawakuona tofauti ya maana. Fedha hizo zingelipa sehemu ya gharama za gari la kunyonya majitaka.

Vijiumbe hawahitaji kuongezewa wenzao, wanahitaji kutouawa. Mafuta machafu ya gari, rangi, viuatilifu na dawa za kuulia vijidudu zinazomwagwa kwa wingi huwadhuru, na taulo za kike na nepi haziozi bali hujaza nafasi yao.

Jambo linalotuumiza zaidi ni kutapisha vyoo wakati wa mvua, yaani kufungulia tope la shimo liende na maji. Tope lililofikishwa bwawani kwa gari hupitia hatua zote zilizoelezwa hapo juu. Lililofunguliwa mtaroni huingia visimani na kwenye viwanja wanakochezea watoto likiwa halijapitia hata moja, na mayai ya minyoo ya mchango yaliyomo yanaweza kubaki hai ardhini kwa miaka kadhaa baada ya mafuriko kukauka.