Kupangwa wa mwisho si kumaliza wa mwisho

Kila Julai, kabla ya msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo kuanza, waandishi wa michezo hupiga kura kutabiri mabingwa wa konferensi mbalimbali, yaani makundi ya vyuo vinavyowania taji moja. Mashabiki wengi huichukulia orodha hiyo kama msimamo wa ligi uliokwisha kuandikwa. Sivyo.

Tazama 2024. Konferensi ya Big 12 ilikuwa na timu 16, na katika kura Arizona State ikawekwa ya 16. Ukiangalia nyuma, haikuonewa: mwaka uliotangulia ilishinda mechi 3, ikapoteza 9. Lakini ilikuwa imempata Sam Leavitt, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) aliyehamia kutoka Michigan State, na Desemba ikaichapa Iowa State 45-19 kwenye fainali. Kule ACC, konferensi nyingine, Florida State, iliyokwisha kuvikwa taji mdomoni, ilimaliza na ushindi 2 na vipigo 10. Aibu tupu.

Kura hizi huegemea mno msimu uliopita, ilhali siku hizi wachezaji huhama vyuo kila mwaka. Tena katika konferensi kubwa timu hazikutani zote, kwa hiyo ratiba laini nayo hubeba watu. Na fainali yenyewe ni mechi moja tu.