Motisha ya mwanafunzi ni kitu gani khasa?

Jamani hili neno motisha saivi limekuwa jina jengine la bahasha. Skuli ikifaulisha vizuri mtihani wa taifa utasikia "wanafunzi wakabidhiwa motisha", ukichungulia ni tableti, mabegi na pesa kidogo, halafu kwenye kikao cha wazee tunaambiwa mwaka huu bajeti ya motisha haipo. Hiyo ni zawadi. Motisha ni ile sababu inayomfanya mtoto aanze kujifunza kitu, akishikilie, na asikiache kikiwa kigumu, basi. Zawadi inaweza kuiamsha au kuiua lakini yenyewe siyo.

Na hilo la kuua sijalitunga mimi. 1973 huko Marekani mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili walichukua watoto wa nasari ambao tokea hapo wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi, kundi moja wakaahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora, jengine wakapewa cheti hicho hicho bila kuambiwa kabla, la tatu hawakupewa kitu. Wiki moja mbili baadae kalamu zikawekwa tena darasani, anaetaka achore asietaka aache, na wale walioahidiwa wakachora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa ghafla hawakupungua hata kidogo. Yani kilichoharibu ni ile "ukichora ntakupa", mtoto anaanza kujiona anachora kwa ajili ya cheti.

Sasa hapa ndo wanapoingia waliosoma nusu, motisha ya ndani (kufanya kitu kwa utamu wake) nzuri, ya nje (kufanya kwa ajili ya kitu chengine) mbaya, wamemaliza, na hichi ndo khasa kinachonikera. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani wenye nadharia yao hii ya ndani na nje, hawajasema ivo. Ya nje ina madaraja. Kuna mtoto anafanya hesabu kwa kuogopa bakora (na bakora nayo ni motisha ya nje, kwa hiyo skuli inayosema haina motisha huku fimbo iko juu ya meza inajisahau), kuna anaefanya kwa sababu ataona haya akipitwa na binti wa jirani, na kuna anaefanya kwa sababu anataka aingie skuli ya mchepuo (ya waliofaulu zaidi) mwisho awe daktari, hesabu zenyewe hazipendi hata kuziona. Wote watatu wa nje, mana hakuna anaefanya kwa utamu wa hesabu. Lakini yule wa tatu lengo ni lake kalichagua mwenyewe, ukiondoa bakora utamkuta bado mezani, wa kwanza keshafika pwani zamani. Muhimu ni kama mtoto anahisi jambo hili ni lake au anamfanyia mtu mwengine.

Hawa mabwana wanasema motisha ya namna hiyo inataka mambo matatu, mtoto awe na kauli kidogo katika anachokifanya, ajione anaweza, na ahisi hapo darasani kuna mtu anamjali. Mimi hilo la kuweza ndo naona kwetu tunalipuuza. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipitisha hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, sasa chukua mtoto wa shamba huko Micheweni, Pemba, Kiingereza anakisikia skuli tu, juzi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, leo kakaa nyuma kimya, na ripoti inakuja imeandikwa "hana motisha". Ataitoa wapi na haelewi kinachosemwa? Mtoto huyo huyo ukifika msimu wa karafuu alfajiri yuko mkarafuuni, analipwa kwa pishi na anajua kabisa leo kachuma pishi ngapi na jana ngapi, anaona kazi yake inakwenda mbele. Sisemi aache skuli akachume, wizara wasije wakanitafuta, nasema tu huyu hawezi kuitwa mvivu.

Kwa hiyo walimu wetu, kwa heshima zote, zawadi toeni, na ikiwezekana msizitangaze mwanzo wa mwaka. Ila kwenye ripoti badala ya "hana motisha" andikeni somo gani na tokea lini, mzee akisoma "kanyamaza kwenye sayansi tokea darasa la tano" atajua akija skuli aulize nini.